Mwekezaji wa Mama Tomasi

Watoto wa mbwa walikuwa wanne, macho wameyafumbua majuzi tu, vitumbo vimewajaa maziwa, na kila aliyeinama kuwatazama alijikuta anatabasamu peke yake. Eufrazia aliinama, akawatazama, akainuka bila kutabasamu.

"Chagua," akasema Winfrida, mwenyeji wake. "Ningekuwa mimi ningemchukua huyu mwenye baka jeupe. Mwone anavyosukuma wenzake. Ana nguvu huyu!"

"Na lile?" Eufrazia akauliza.

Winfrida akageuka. Kando ya ghala la mpunga, juani kabisa, alikuwa amejilaza akihema, matope ya jaruba yamemkaukia tumboni, mbwa wa miguu mirefu na masikio yaliyomzidi kichwa, si mtoto tena wala hajawa mbwa mzima.

"Lile? Weee, achana nalo. Hilo ni la uzao uliopita, lina miezi minane. Wenzake walichukuliwa wote, lenyewe likakosa mtu. Mbwa anachukuliwa mdogo dada yangu, akue akikujua wewe tu. Ukibeba jitu zima kama lile, kesho limekata kamba limerudi hapa hapa Dakawa, na wewe umebaki na kamba yako."

Wangeweza kuzungumza vizuri zaidi kama si kelele. Ilikuwa Aprili, mpunga umeanza kutoa masuke, na huko majarubani kila familia ilikuwa imetoka kuamia ndege, kuwafukuza wasile nafaka. Debe huku, debe kule, watu wanapiga na kupiga kelele toka jua linachomoza mpaka linazama. Eufrazia, aliyekuwa ameshazoea ukimya wa milimani, kichwa kilikuwa kinamgonga.

Wanawake hawa wawili walijuana kiwandani, pale Morogoro mjini. Kwa miaka kumi na minane walisimama kwenye mashine zinazotazamana, wakifuma vitambaa, wakisomana midomo kwa sababu masikio hayakuwa na kazi mle ndani. Halafu zikaja enzi za ruksa, kila mtu auze atakacho. Mitumba ikafurika sokoni, shati la Ulaya likawa rahisi kuliko mita mbili za kitambaa chao, na mabohari ya kiwanda yakajaa marobota yasiyo na mnunuzi. Mwisho wa yote akaja mwekezaji. Alizunguka siku moja na watu wake, akagusa mashine moja moja kwa ncha ya kidole, na baada ya wiki mbili likabandikwa getini tangazo la majina ya wanaobaki. Eufrazia alilisoma kutoka juu kwenda chini, akalisoma tena kutoka chini kwenda juu. Hakuwamo. Winfrida hakuwamo. Winfrida akaenda Dakawa kwa wakwe zake kulima mpunga, Eufrazia akafunga chumba chake cha Mafiga na kupanda milimani juu ya Bigwa, kwenye ukoo wa mama yake.

Huko juu kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba Alois alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mpole wa sauti, lakini akishasema amesema. Alimpa Eufrazia shamba la marehemu mama yake mdogo, pamoja na kibanda cha udongo, alime aonekane. Masika ya kwanza Eufrazia alilima mpaka viganja vikachubuka, mahindi yakasimama, yakabeba, yakaanza kutia maziwa. Ngedere wakashuka kutoka msituni, wakayala yote. Jamani, yote! Yaliyobaki yangeenea kwenye ungo mmoja.

Mjomba Alois alikuja, akatazama mabua matupu, akatikisa kichwa. "Sikufukuzi, mwanangu," akasema. "Lakini hatulimi kwa ajili ya ngedere. Yasmin wa Mwanaheri ameolewa, hana pa kushika jembe. Nakuachia masika moja tena. Nikija Julai nisipoona mavuno, shamba nampa Yasmin."

Hakuna aliyemlaumu, hata Eufrazia mwenyewe. Ila alijua akitoka pale anakokwenda. Mwanawe Tomasi aliishi Dar, Manzese, chumba kimoja, yeye na mke na watoto watatu. "Njoo mama, tutabanana," Tomasi alikuwa akimwambia kila mara, na alimaanisha. Eufrazia alishabanana naye wiki mbili. Alilala nyuma ya pazia, akisikia mkwewe anavyokohoa kwa adabu kila anapotaka kubadili nguo. Mwanamke aliyejilisha mwenyewe tangu ana miaka ishirini na tano, leo akawe mzigo nyuma ya pazia? Wazo hilo lilimnyima chakula.

Kwa hiyo mbwa alihitajika, tena wa haraka. Lakini mbwa mchanga, hapana. Mwaka uliopita alikuwa amechukua mmoja pale Bigwa, wa wiki tano, kila mtu akamsifu kwa kuwahi. Kitoto kile kililia usiku na mchana. Alikilaza kifuani ndani ya khanga, akakinywesha uji wa dona kwa kidole, akakipangusa kilipoanza kuhara, na muda wote huo ngedere wako shambani wanajichagulia. Siku ya tisa kikamfia mapajani. Eufrazia alilia, akaona aibu kumlilia mbwa, halafu akaendelea kulia. Aliapa kuwa hatarudia.

"Nachukua lile," akamwambia Winfrida. "La miezi minane. Limeshavuka kufa kwa baridi, limeshavuka uji. Likikimbia, litakuwa limekimbia likiwa hai."

Winfrida alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Haya basi. Lakini tulitie kwenye gunia lisione njia, na mkifika njia panda ya kupandia kwenu ulizungushe mara tatu ndani ya gunia, lipotee mwelekeo. Usipofanya hivyo mimi simo."

Mtoto wa mbwa ungemtia kwenye kapu ukamaliza. Huyu alihitaji gunia la kilo mia, na bado kichwa na miguu ya mbele vilibaki nje. Walipanda lori lililobeba mpunga kwenda mjini, na njia nzima mbwa alitazama kila kitu kwa makini, miti, madaraja, mbuzi wa watu, huku gunia likiwa limemfika kiunoni mithili ya sketi. Walipofika njia panda Eufrazia alimkumbatia, akamzungusha mara tatu kama alivyoagizwa. Kizunguzungu kilimshika yeye. Mbwa alidhani ni mchezo, akamlamba sikio.

Huko juu jirani yake wa karibu alikuwa Mwanaheri, yule yule mama yake Yasmin. Walikuwa wa ukoo mmoja, mmoja Mwislamu na mwenzake Mkristo kama ilivyo kwa nusu ya ukoo wao, na umri wao ulilingana. Mwanaheri hakuficha kwamba shamba lile angelipenda kwa binti yake. Wala hakuficha kwamba angeona haya kulipata. Alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi, na alipomwona mbwa anapandishwa na kamba ya katani alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Mama Tomasi! Nilidhani umeleta mtoto wa mbwa, kumbe umeleta mpangaji!"

"Mcheke tu. Huyu hafi mikononi mwangu."

"Hafi, ndiyo, ila atakumaliza wewe kwa kula. Akae huko huko kwako, mimi sitaki anikaribie na maji yangu ya kutawadhia. Anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Ametoka mbali, ni mkubwa, hamjui mtu, na amekuja kula," Mwanaheri akahesabu kwa vidole. "Mwite Mwekezaji."

Eufrazia alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi. Jina likakaa.

Siku tatu za mwanzo alimfunga kwenye nguzo ya kibanda. Asubuhi ya siku ya nne akatoka nje, akaona kamba imetafunwa vipande viwili na nguzo haina mtu. Ndiyo hayo aliyoyasema Winfrida! Akazunguka kibanda mbio, akiita jina ambalo mbwa mwenyewe alikuwa hajalizoea, na huko nyuma akamkuta Mwekezaji amelala juu ya majivu ya jana, anajinyoosha, anamshangaa anapiga kelele za nini. Hakuwa amekwenda popote. Eufrazia alikaa chini pale pale kwenye majivu akamshika masikio yale makubwa, akasema, "Asante. Asante, baba." Hakumfunga tena.

Na kwa kweli alikuwa mbwa wa raha. Alikula ugali mkavu, alikula makombo ya maharage, hakulia usiku, hakugusa kuku wa mtu. Vyote hivyo alishafundwa na watu wengine. Kulikuwa na kasoro moja tu, nayo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote: ngedere hakuwa na habari nao.

Mwisho wa Mei mahindi yalipoanza kutia maziwa, walishuka. Eufrazia alijiandaa kama walivyojiandaa wanawake wote wa mlima ule. Ngedere hamwogopi mwanamke, hilo kila mtu wa huko atakuambia. Akisikia sauti ya kike anaendelea kula huku anakutazama usoni. Kwa hiyo Eufrazia alivaa suruali ya mtumba na koti la mwanamume, akabandika kofia, akashika kombeo, na juu ya yote akafunga mdomo. Hakusema neno shambani. Alimwomba hata Mwanaheri apite kimya kimya. Wakitokea, ananyoosha mkono, anamsukuma mbwa kwa goti: nenda!

Mwekezaji alikaa kitako. Aliwatazama ngedere wakirukia mabua, akamtazama bosi wake aliyevaa suruali, akapiga miayo. Eufrazia alirusha mawe mpaka bega likamvimba. Siku ya kwanza ikaenda mistari miwili ya mahindi, siku ya tatu ikaenda mingine mitano.

"Ndiyo maana hakupata mtu!" alifoka jioni hiyo, sahani ya ugali mkononi. "Wenzako walichukuliwa kwa sababu wana akili! Mimi mpumbavu nimebeba jibwa la kutazama! Julai inakuja, Mjomba anakuja, na wewe unapiga miayo!" Akamsukumia sahani. Mwekezaji akala kwa shukrani, mkia unapiga vumbi. Eufrazia aliingia ndani akaanza kukunja nguo zake ndani ya sanduku, moja moja, kuona kama zingeenea. Zilienea zote, na hilo nalo likamuuma.

Asubuhi iliyofuata visa vikaanza. Mwekezaji, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka, alivuka. Akaenda mpaka uani kwa Mwanaheri, akatia kichwa ndani ya debe la maji ya kutawadhia, akanywa mpaka akaridhika.

"Mama Tomasiii! Njoo umtoe huyu kiumbe wako! Njoo uone!"

Eufrazia alikwenda mbio, akaomba radhi mpaka akaishiwa maneno. Mwanaheri aliyamwaga maji yote, akabeba debe kichwani, akashuka nalo kijitoni akisema peke yake njia nzima. Debe lililolambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na yeye hakupunguza hata moja. Alisugua kwa udongo, akasuuza, akasuuza, akihesabu kwa sauti ili huko juu wasikie. Aliporudi, debe tupu linang'aa, akapita pembeni ya shamba la Eufrazia, na hapo akawaona. Ngedere zaidi ya kumi walikuwa wanashuka ukingoni, na mbele yao amesimama mtu mmoja mwenye suruali, kimya, machozi yanamtoka, anazungusha kombeo lisilo na jiwe.

Angeweza kupita. Alikuwa ameombwa apite kimya, na shamba hilo likishindikana ni la bintiye. Lakini Mwanaheri hakuwahi kukaa kimya kwa lolote maishani mwake. Alishusha debe kutoka kichwani, akaokota kijiti, akalipiga kwa hasira zote za mara saba.

"Waaale! Waaale! Tokeni hapo! Tokeni!"

Mwekezaji, aliyekuwa amelala kwenye mtaro, aliruka juu. Masikio yakasimama. Alipasua katikati ya mahindi bila kuvunja bua, akipita kwenye mifereji, akibweka sauti ambayo Eufrazia hakuwa ameisikia tangu amchukue, na kufumba na kufumbua ngedere wote wako juu ya miti wanapiga yowe. Debe liliponyamaza akarudi, akakaa kitako, akamtazama Mwanaheri, akisubiri.

"Piga tena," Eufrazia akanong'ona.

Mwanaheri akapiga. Mbwa akaruka tena, akazunguka shamba zima kutoka pembe hadi pembe, akarudi akihema.

Hapo ndipo Eufrazia alipokaa chini, akavua ile kofia. Kumbe! Tangu azaliwe, mbwa huyu alikuwa amekulia kwenye jaruba la mpunga. Debe la kwao likilia, watoto wanakimbia, yeye anakimbia nao kufukuza ndege; debe likinyamaza, anarudi kulala. Ndiyo kazi aliyoijua, na aliijua vizuri. Huku juu mwenye shamba amekuja na koti na kombeo, amejifunga mdomo siku zote hizi, halafu anamtukana kwamba hafanyi kazi. Mwenye baka jeupe sasa hivi angekuwa ndiyo kwanza anatambaa kwenye sahani ya uji. Huyu alikuja na ufundi wake tayari, ila mwajiri ndiye aliyekuwa hajui kuuamuru.

"Mama Yasmin," akasema, "ungepita tu. Kwa nini hukupita?"

"Nipite niangalie mahindi yanaliwa? Mimi nimelelewa na nani?" Mwanaheri akalitazama debe lake, lililobonyea ubavuni. "Na debe langu umeniharibia, wewe na huyo Mwekezaji wako. Chukua basi, mshajuana."

Toka siku hiyo mlima ule haukukaa kimya tena. Eufrazia alivua suruali akavaa khanga zake, akalitundika debe mtini, na kila ngedere walipochungulia alilipiga na kupiga kelele kwa sauti yake mwenyewe ya kike, sauti ya kiwandani iliyozoea kushinda mashine. Mbwa alikimbia. Wiki ya pili ngedere walianza kupitia ng'ambo. Wiki ya nne alipiga debe kwa furaha tu, hakuna hata mmoja, na Mwekezaji akazunguka vilevile kwa heshima ya kazi.

Mjomba Alois alikuja Julai, asubuhi, anapanda polepole na fimbo, begani amebeba kitu kilichofungwa kwa majani. Eufrazia alikuwa anavuna. Aliogopa ingawa mahindi aliyaona mwenyewe, yamesimama makavu nyuma yake na mengine yamejaa kibandani mpaka mlango haufungi. Alipiga goti.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Endelea, endelea."

Mzee alizunguka shamba peke yake. Alimenya hindi moja, akalitafuna, akatema. Aliona na ile mistari saba iliyoliwa, akaipita. Mwanaheri alikuwa ameshafika, amesimama mpakani na khanga mdomoni.

"Huyu mbwa anaitwaje?" Mjomba akauliza.

"Mwekezaji," Eufrazia akajibu kwa aibu.

Mzee alicheka mpaka akajishika mbavu, akaegemea fimbo, akafuta macho. Kisha akaomba jembe. Hapo karibu na kibanda, panapomwagwa maji ya kunawia, akaanza kuchimba shimo.

"Mjomba, acha nichimbe mimi. Shimo la nini?"

Akafungua yale majani. Ulikuwa mche wa mgomba, mnene, mizizi bado ina udongo wa kwake. Eufrazia akasimama palepale. Kule juu, aliyeazimwa shamba hupanda mahindi na maharage, vitu vinavyokwisha na msimu. Mtu aliyeazimwa hapandi mgomba. Mgomba unazaa, unachipuza pembeni, unazaa tena, na anayeupanda ni mwenye shamba.

"Na Yasmin?" Eufrazia akauliza.

"Yasmin nimeshamwonesha ng'ambo ya kijito. Kuna pori, lakini mumewe ana mikono, afyeke."

"Alhamdulillahi!" Mwanaheri akapasuka. "Mungu wangu, nimepumua! Ningepitaje hapa kila siku, ningeuficha wapi uso huu?" Akaja mwenyewe akapiga magoti, akaushika mche usimame wima.

Eufrazia alikuwa anarudishia udongo kwa mikono, na machozi yanaingia humo humo shimoni, na hakujali nani anamwona.

"Mgomba huu, Mjomba," akasema, ili mradi aseme kitu, "si utachukua zaidi ya mwaka kuzaa?"

"Kwani una safari?" Mjomba Alois akamuuliza.

"Sina, Mjomba," Eufrazia akasema. "Sina safari yoyote." Akaukanyaga udongo ukashika.